Jina Kwenye Tiketi ya Pili

Siku aliyoondoka alivaa mashati matatu, shati moja juu ya lingine. Tiketi niliyomkatia iliruhusu begi moja tu la mkononi, na begi hilo lilikuwa tarumbeta. Nguo zikabaki kutafuta pa kukaa mwilini mwake. Ilikuwa Jumatano, saa tatu asubuhi, jua limeshapamba moto, na yeye amesimama mbele ya mlango wa abiria akitokwa jasho kama mtu aliyeshusha lori zima la saruji.

“Bibi Tiketi,” aliniambia, “mwenzako akizimia humo ndani, waambie kilichomuua ni nauli nafuu.”

Nilicheka. Hilo nalikumbuka vizuri, kwamba nilicheka. Tulikuwa tumenuniana siku kumi na moja, na kile kilikuwa kicheko cha kwanza kati yetu. Akanishika kiwiko, akakiminya kidogo, akaingia. Kupitia kioo nilimwona akivua viatu, akavua mkanda, kisha ofisa akamwonyesha kwa kidole avue na shati la juu, na la pili. Akageuka kunitazama, mashati mawili yakimning’inia mkononi kama nguo zilizoanuliwa. Hiyo ndiyo sura yake ya mwisho niliyoiona kwa macho yangu mwenyewe.

Nikarudi ofisini, nikafungua kompyuta, nikaifuata ndege yake kwenye ramani mpaka ikapotea ukingoni mwa kioo. Alikaa kiti namba 21A. Kiti 21B kilikuwa changu, na hakikuwa na mtu.

Ninaandika ili nisisahau kwa nini hakikuwa na mtu. Watu wameshaeleza kwa namna zao, na kila anayeeleza anaongeza chumvi yake.

Ninafanya kazi kwenye ofisi ya kukata tiketi za ndege, dirisha la kwanza ukiingia. Nina miaka minane hapo. Yeye alikuwa fundi wa majokofu mchana na mpiga tarumbeta jioni. Mtaani walimwita Tarumbeta, hadi wateja wake wakasahau jina alilopewa na mama yake. Tulijuana alipoletwa kutengeneza jokofu la ofisini. Alilitengeneza mara nne ndani ya miezi miwili. Mwenzangu wa dirisha la pili alisema ama fundi huyu hajui kazi, ama si jokofu linaloumwa.

Kuna rafiki yake alimrekodi akipiga karakanani, amezungukwa na majokofu mabovu yaliyo wazi milango, kana kwamba nayo yanamsikiliza. Video ikaruka simu hadi simu, ikafika mbali kuliko tulivyodhani. Mwezi wa pili akaletewa barua. Ng’ambo, kwenye mji mdogo wa milimani, kulikuwa na tamasha la muziki la kiangazi, na walimtaka apige jioni mbili za mwezi wa saba. Kitanda na chakula vingetolewa, yeye na mwenza wake. Nauli ajitegemee.

Aliileta barua hiyo dirishani kwangu. Hakupita pembeni kama alivyozoea. Alipanga foleni nyuma ya mama mwenye watoto wawili, akasubiri zamu yake, akakaa, akaiweka mbele yangu. Akasema anataka nauli za watu wawili, nafuu kuliko zote zilizopo duniani. Nikashika kalamu kikazi, nikamuuliza mtu wa pili jina lake nani.

“Ndilo nililokuja kuuliza,” alisema. “Nataka aende akiwa mke wangu. Sijui mwenyewe anasemaje.”

Kwenye dirisha la pili kuchapa kukakoma ghafla. Nilimwambia anipe muda nizungumze na baba. Akajibu kwamba muda upo, mwezi wa saba bado uko mbali. Akatoka na furaha zake, barua akaisahau mezani.

Kutafuta nauli nafuu kunataka subira, na watu wengi hawana. Wanataka kuondoka Ijumaa na kurudi Jumapili, kama dunia nzima. Mimi nilitafuta Jumanne na Jumatano. Nilitafuta kila mchana wenzangu wakienda kula, mkate mkono mmoja, mkono mwingine kwenye kompyuta. Siku moja nilimwita aje na tarumbeta ndani ya kasha lake, nikalipima kwa futi ya mshonaji, urefu na upana na kina, kwa sababu mashirika ya bei ya chini hayakuonei huruma kwa sentimita moja. Akasema ameona watu wakipimiwa suti, lakini hajawahi kuona mtu anapimiwa tarumbeta.

Wiki ya tatu ikatoka ofa. Siku zilikuwa zenyewe, na bei ilikuwa nusu ya zote nilizoziona. Kasoro yake ilikuwa moja. Ndege ilishuka kwenye uwanja wa mbali, na kutoka pale hadi mji wa tamasha ni saa nne kwa basi. Kulikuwa na uwanja mwingine, dakika ishirini tu kutoka jukwaani, lakini nauli ya huko ilikuwa mara mbili. Nikajiambia, saa nne ni nini kwa watu wawili waliokaa kiti kimoja.

Ofa ilikuwa inafungwa saa sita mchana. Tiketi zake hazirudishwi, wala hazibadilishwi jina. Nikaandika jina lake. Kisha nikaandika langu, jina la kwanza, nikafika kwenye nafasi ya jina la ukoo, na hapo nikaandika la kwao.

Sitasema vidole viliteleza. Nilijua ninachokiandika. Miaka minane nilikuwa nimewaambia wateja maneno yaleyale, andika kama ilivyo kwenye pasipoti, usiongeze wala usipunguze. Na mimi mwenyewe nilikaa pale nikapiga hesabu zangu: mwezi wa tano harusi, wa sita pasipoti mpya, wa saba safari. Nikazichapa tiketi mbili, nikazilaza chini kabisa ya droo, chini ya boksi la pini za karatasi. Nilitaka kumpa siku nitakayomjibu, asome mwenyewe.

Jumapili nikamweleza baba. Baba alikuwa msimamizi wa ghala hadi alipostaafu, na mpaka leo hahesabu kitu mara moja. Alinilea peke yake tangu nina miaka tisa. Sijawahi kumshinda kwa maneno, kwa sababu sijawahi kujaribu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kwa nini iwe mwezi wa tano. Nikamwambia ni kwa sababu ya safari.

“Sasa mwanangu, niambie,” alisema. “Unaolewa au unasafiri?”

Nikasema vyote viwili.

“Kijana simkatai. Ana heshima, na jokofu letu analitengeneza bila kutaka hata nauli ya kurudia. Ninachokataa ni harusi inayopangiwa tarehe na bei ya ndege. Aende kwenye muziki wake. Mwezi wa nane alete wazee wake hapa, wakae, tuzungumze kama watu.”

Nikasema sawa, baba. Nikaenda chumbani, nikakaa kitandani, na nilichokuwa nimesikia ni hapana.

Habari za tiketi sikumwambia baba. Wala Tarumbeta sikumwambia alichosema baba. Kila Jumamosi aliponiuliza mzee anasemaje, nilimjibu kwamba bado anafikiria. Nilikuwa nangoja baba abadilike, kama vile abiria anavyongoja ndege iliyokwisha kuondoka kwa kuwa tu hakuona ikiondoka. Mwezi wa nne ukapita, wa tano ukapita. Yeye aliendelea kuniuliza kwa sauti ileile ya upole. Baadaye akaacha kuuliza kwa mdomo, akawa ananiuliza kwa macho tu, na hayo yalikuwa mabaya zaidi.

Zilipobaki siku kumi na moja, akaja ofisini mchana. Waandaaji wa tamasha walitaka namba za viti. Wenzangu walikuwa wamekwenda kula. Alikuwa na mafuta ya mashine kwenye kucha, na alikuwa akipiga mluzi wimbo aliokusudia kuufungulia. Sikuwa tena na pa kukimbilia. Nikavuta droo, nikaondoa boksi la pini, nikampa karatasi zote mbili.

Alisoma yake kwanza. Kisha akaifunua ya pili. Mluzi ukakatika. Akasoma jina langu kwa sauti ya chini, la kwanza, kisha jina la ukoo wao, akalitamka polepole kama mtu anayeonja chai kuona sukari imetosha.

“Linakaa vizuri,” alisema, na uso wake wote ukafunguka.

Ndipo nikamwambia kwamba tiketi ile haifai kitu. Pasipoti yangu ina jina la baba. Tiketi ya bei ile haibadilishwi. Pale mlangoni watanirudisha.

Hakuniangalia. Aliendelea kuiangalia karatasi.

“Uliiandika lini hii?”

“Mwezi wa tatu. Tarehe iko hapo chini.”

“Mwezi wa tatu.” Akaiona. “Mimi kila Jumamosi nakuuliza kama mtoto, mzee anasemaje, mzee anasemaje. Kumbe jibu langu liko kwenye droo, limekaliwa na pini.”

“Nilitaka nikupe siku nzuri.”

“Na mzee alisema nini? Usinifiche tena. Alisema nini hasa?”

Nikamweleza neno kwa neno, kama baba alivyosema. Uende kwenye muziki wako, mwezi wa nane ulete wazee.

Simu ya dirisha la pili ikaita mpaka ikachoka.

“Si amekubali huyo,” alisema.

Sikuwa nimelisikia hivyo hata siku moja. Miezi minne nilikuwa nimebeba hapana ya baba kifuani, na haikuwa hapana.

Akaanza kutafuta njia, maana fundi hakubali kifaa kimekufa mpaka akifungue. Akasema twende Jumatatu kwa msajili wa ndoa, ni dakika ishirini, amesikia watu wanafanya. Nikamwambia pasipoti mpya haitoki kwa siku kumi. Akasema basi nikate tiketi nyingine kwa jina la baba. Nikamwonyesha kwenye kompyuta bei ilipofika, mara tatu ya ile ya kwanza. Akasema atauza mtungi wa gesi na vifaa vyake vya kazi.

“Utarudi ufanye kazi na nini?”

“Basi siendi.”

Akaziweka tiketi mezani, akazisogeza kwangu kwa vidole viwili. Nikajua angefanya kweli. Na hapo ndipo nilipozungumza maneno ambayo mpaka leo nayarudia nikiosha vyombo, nikifunga mlango, nikisubiri kompyuta iwake.

“Nenda,” nilimwambia. “Usipokwenda, kila ukiniangalia utaiona barua ile.”

“Na nikienda, wewe utaona nini?”

“Nitaona mtu anarudi mwezi wa nane na wazee wake.”

“Umekuwa kama mzee,” alisema. Hakusema kwa tusi. Alisema kama mtu aliyechoka. Akasimama, akachukua tiketi yake, na kisha akachukua na ya pili. Nikamwambia hiyo ya pili haina kazi, aniachie niichane.

“Ni yangu,” alijibu. “Ina jina langu.”

Siku kumi na moja zilizofuata hakukanyaga ofisini. Alinitumia ujumbe mmoja tu, kuuliza kama soksi zinahesabiwa kuwa mzigo. Nilimjibu kwamba zikiwa miguuni hazihesabiwi. Ndiyo maana nilipomwona uwanjani na mashati matatu nilijua amenisamehe, au ameanza.

Alipiga jioni zote mbili. Alinipigia simu asubuhi ya Jumapili, mimi nafua. Akasema watu walikaa chini kwenye majani, na kufikia wimbo wa tatu walikuwa wamesimama, na hakuna aliyewaambia wasimame. Akasema kwenye ndege aliliweka tarumbeta kiti changu, 21B, akalifunga mkanda, na mhudumu akamuuliza kama mwenzake atakunywa kitu. Nikacheka mpaka nikaliachia shati la baba likarudi kwenye povu. Akaniambia, akirudi anaanzia kwetu kabla ya kwao, aje amsikie mzee kwa masikio yake mwenyewe, kwa kuwa mjumbe aliyetumwa ameonekana hafai.

Baba alikuwa ameshapaka rangi mlango wa mbele. Alisema ni kwa ajili ya mvua.

Jumanne alfajiri alipanda basi la kwenda uwanja wa mbali. Barabara ya milimani ilikuwa na utelezi. Walikufa watu wanane. Yeye alikuwa safu ya pili, upande wa dirisha.

Waandaaji walimpigia mama yake, na mama yake akanipigia mimi. Nilikuwa na mteja mbele yangu. Nilimalizia kumchapia tiketi yake, nikamwambia safari njema, kisha nikamwomba mwenzangu wa dirisha la pili aje akae kwenye kiti changu.

Karatasi za kumrudisha nilizishughulikia mimi, kwa sababu nilikuwa najua zinavyojazwa. Kwenye mfumo wetu marehemu hana kiti. Huandikwa upande wa mizigo, kwa kilo. Nilijaza. Alirudi kwa ndege iliyotoka uwanja wa karibu, ule wa dakika ishirini.

Mazishini nilikaa na majirani, si na wafiwa. Hakuna aliyenikosea. Hakuna aliyejua aniweke wapi. Tulipotoka, baba alitembea nami mpaka tulipofika kwenye mlango wetu uliopakwa rangi. Akatoa ufunguo, akashindwa kuutia.

“Nilisema asubiri,” alisema. “Sikusema hivi.”

Nikauchukua ufunguo, nikafungua.

Mwezi wa tatu mwaka huu, mama yake alikuja ofisini. Nilimwona kwenye foleni, amenyooka, mkoba kaushika kwa mikono miwili. Nikataka kumwita mbele. Akaniashiria kwa kiganja nisijisumbue. Zamu yake ilipofika akakaa, nikamwamkia, akaitikia, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Aliikuta ndani ya kasha la tarumbeta, chini ya kitambaa.

“Mwanangu, mimi si mtu wa kupekua,” alisema. “Lakini nimekaa na hii miezi minane. Ina jina lako na jina letu. Mlioana?”

Ningeweza kusema ndiyo. Hakuna ambaye angenibishia. Duniani kote ni karatasi moja tu inayonitaja kuwa mke wake, na ilikuwa mbele yangu, ameishika mama yake, na anachotaka kusikia kilikuwa wazi machoni pake. Neno lilinifika kwenye meno.

“Hapana, Mama,” nilisema. “Niliandika mapema.”

Akaitazama tena.

“Mwenyewe alijua?”

“Alijua siku kumi na moja kabla hajaondoka.”

“Alifurahi?”

“Alifurahi, kisha akakasirika. Nilitaka kuichana, akaichukua. Alisema ni yake.”

Mama akatikisa kichwa taratibu, mdomo ukamtetemeka upande mmoja, na sikujua kama ni kilio au ni kicheko.

“Ndiye huyo,” alisema. “Tangu mdogo, kitu kibovu hakiachi.” Akaikunja palepale ilipokuwa na mikunjo. “Basi nikuombe jambo moja. Niachie mimi nikae nayo.”

Nikamwambia akae nayo.

Ndipo akatoa barua nyingine. Waandaaji wa tamasha walikuwa wamemwandikia. Kiangazi hiki watatenga alasiri moja kwa ajili ya mwanawe, wataonyesha ile video ya karakanani kwenye kioo kikubwa, na wanamwomba afike, yeye na mtu mmoja wa kumsindikiza. Safari hii nauli wanatoa wao. Akaniambia hata hivyo nitafute nafuu, yeye hajazoea kula vya watu bila kipimo.

“Ila basi sipandi,” alisema.

“Hutapanda basi, Mama.”

Nikafungua kompyuta. Nikaandika jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti yake, nikahakikisha mara mbili, kama baba. Kisha nikamuuliza mtu wa pili jina lake nani.

“Unaniuliza mimi?” alisema.

Kwenye dirisha la pili kuchapa kukakoma.

Tumepata uwanja wa karibu. Tunaondoka Jumatano ijayo, saa nne asubuhi, viti 21A na 21B. Baba amesema atatupeleka mwenyewe, na ameshauliza mara mbili tunatakiwa kufika saa ngapi. Mama yake atashika tarumbeta. Tiketi yangu ina jina la baba yangu, kama ilivyo kwenye pasipoti.